Kujiunga na kikundi cha kutembeza wageni chuoni, Mtwara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka wa masomo ukianza tunaulizwa yaleyale: kantini, kwenye foleni ya usajili, usiku kwa ujumbe wa simu. Tumeyakusanya hapa. Ninayeandika ni mmoja wa wanaosaili, huu ni mwaka wangu wa tatu chuoni, na mara ya kwanza nilipoomba sikuchaguliwa.

Kikundi kinafanya kazi gani hasa?

Tunapokea wageni wa chuo na kuwatembeza. Wengi ni vijana waliomaliza kidato cha sita, wanakuja na mzazi au mlezi kuona chuo kabla ya kujaza maombi. Msimu wao ni Julai na Agosti, matokeo yakishatoka. Wengine ni wanafunzi wa sekondari walioletwa na walimu wao, wageni wa vyuo vingine, na mara mojamoja wageni kutoka nje ya nchi. Tunawaonyesha madarasa, maktaba, hosteli na zahanati, na mama akitaka kuona jiko la kantini tunampeleka mpaka jikoni. Wageni wanaolala siku mbili tunawapeleka pia Mikindani, kama kilomita 10 kutoka mjini.

Nani anaruhusiwa kuomba?

Mwanafunzi yeyote aliyesajiliwa, wa kozi yoyote, cheti mpaka shahada. Mwaka wa kwanza msiogope. Ninyi bado mnakumbuka siku mliyoshuka stendi na begi, hamjui hata bajaji ya kuja chuo inachukua shilingi ngapi, na kumbukumbu hiyo ndiyo mtaji wa kazi hii. Wa mwaka wa mwisho hatuwachukui wapya, kwa sababu mafunzo yanakula muhula mzima. Mtu akishaiva anaondoka.

Kwa nini mnachuja? Si mngemchukua kila anayependa?

Nafasi ni 12 tu kwa mwaka, kwa kuwa kila mpya anatembea muhula mzima na mkongwe mmoja, na wakongwe hatuko wengi. Hiyo ni sababu ya hesabu.

Sababu ya pili ndiyo kubwa kwangu. Kuna baba anatoka Tandahimba na basi la alfajiri, amemshika binti yake mkono, fedha ya ada inasubiri mnada wa korosho. Chuo kizima, mtu atakayezungumza naye kwa saa nzima ni wewe peke yako. Ukimjibu kwa haraka, ukimtembeza ukiwa umeinamia simu, atarudi nyumbani akijua kuwa chuo ndivyo kilivyo. Hatuwezi kumkabidhi baba yule kwa yeyote aliyejitokeza.

Barua ya maombi iandikweje?

Ukurasa mmoja, kwa mkono au kwa kompyuta. Tafadhali usituandikie kwamba wewe ni mchapakazi, unajituma na unaweza kufanya kazi chini ya usimamizi mdogo. Barua za namna hiyo tunazipokea kwa mafungu, na tukishazisoma hatumjui aliyeandika.

Jibu mambo mawili. La kwanza: mama yako akija chuoni kesho, utampeleka wapi kwanza, na kwa nini hapo? La pili: tueleze siku uliyokuwa mgeni mahali, na namna ulivyopokelewa, vizuri au vibaya.

Barua moja niliisoma mara tatu. Mwombaji alisema angempeleka mama yake nyuma ya maktaba, kwenye benchi la chini ya mkorosho ambapo mama wa usafi hukaa saa nne kunywa chai na muhogo. Wiki yake ya kwanza alipotea akitafuta ofisi ya mikopo. Yule mama wa usafi aliacha kikombe, akamsindikiza mpaka mlangoni, kisha akarudi kwenye chai iliyokwisha kupoa. Barua haikuwa na neno gumu hata moja. Tulimwita siku hiyohiyo.

Mnaangalia matokeo ya darasani?

Hatuna kiwango. Ila kama una masomo ya kurudia, yamalize kwanza, halafu uombe mwakani.

Lazima nijue Kiingereza vizuri?

Hapana. Swali hili linawakimbiza watu wazuri kila mwaka, na linaniuma. Wageni wetu wengi ni wazazi kutoka Newala, Masasi, Nanyumbu, Ruangwa. Kiswahili kilichotulia kinawatosha, na ukijua Kimakonde, Kiyao au Kimwera sema kwenye barua, maana bibi akisalimiwa kwa lugha ya kwao huanza kuuliza yale aliyokuwa ameyameza. Wageni wanaohitaji Kiingereza wapo, na tunao wenzetu wanaokimudu. Tunapangana.

Mimi si mwenyeji wa Kusini. Nitaweza?

Utaweza. Kati yetu wapo wa Mwanza, Mbeya na Pemba. Kwa mtu aliyetoka mbali tunakazia jambo moja: heshima kwa watu waliokupokea. Wageni kutoka mikoa mingine hupenda kuuliza juu ya ndonya, chale na unyago huku wakicheka, wakitegemea nawe ucheke. Usicheke. Ndonya ni pambo ambalo wanawake wa Kimakonde walivaa kwenye mdomo wa juu, na chale za uso zilikuwa alama ya mtu na watu wake. Huenda bibi mzaa bibi wa mwenzako uliyekaa naye darasani alivaa. Eleza kama unavyoeleza jambo la nyumbani kwenu. Unyago nao una mambo yasiyosemwa hadharani. Mgeni aambiwe hivyo, kwa upole, na mazungumzo yaendelee.

Na ukikutana na ming'oko iliyochemshwa inauzwa barabarani, onja. Usije ukaulizwa na mgeni ni mizizi gani hiyo, nawe hujawahi kuitia mdomoni.

Nina aibu na sauti yangu ni ndogo.

Sauti tunafundisha: unasimama wapi upepo wa bahari ukivuma, unageukia upande gani, unanyamaza lini pikipiki inapopita. Aibu nayo hupungua ukishatembeza kundi la tatu au la nne. Kitu kisichofundishika ni kumjali mtu aliye nyuma kabisa ya kundi. Mwenye aibu mara nyingi anacho, kwa sababu nyuma ndiko alikozoea kusimama.

Usaili ukoje?

Dakika kama 20, mbele ya watu watatu, kwenye chumba cha kawaida cha semina. Njoo na kitambulisho cha chuo.

Kwanza tunakupa dakika tatu ueleze jambo lolote la Mtwara au Lindi unalolipenda. Lolote kabisa. Kuna aliyeeleza namna ya kubangua korosho bila kuungua na mafuta ya ganda, tukabaki tunaangalia vidole vyake. Kuna aliyetoka Lindi akachagua Tendaguru, kilima cha mkoani kwao. Nimueleze huyu kidogo, kwa sababu alinionyesha jambo.

Habari ya Tendaguru wengi wanaijua kwa mstari mmoja: mifupa ya mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) ilichukuliwa na Wajerumani, iko Berlin. Yeye alisema kwamba uchimbaji mkubwa ulifanyika kati ya 1909 na 1913, kwamba kiunzi kilichosimamishwa Berlin kina urefu wa mita 13 na zaidi kwenda juu, akatuonyesha mnazi dirishani ili tupime kwa macho. Kisha akashuka chini, kwa watu. Waliochimba walikuwa mamia ya wenyeji. Mifupa ilifungwa vizuri, ikabebwa na wapagazi kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Akamtaja Boheti bin Amrani, msimamizi mwenyeji ambaye wataalamu wa Kijerumani walimtegemea sana kazini. Akasema, "Mimi nikipita pale Lindi bandarini huwa nawafikiria wale waliofika na mzigo kichwani, wakautua." Dakika zake tatu zilikuwa zimepita na hakuna kati yetu aliyeangalia saa.

Sehemu ya pili, mmoja wetu anageuka mgeni. Anaweza kuwa mama mwenye wasiwasi na usalama wa binti yake hosteli, au kijana aliyelazimishwa kuja ambaye hataki hata kuangalia. Unazungumza naye. Hapa wengi huanguka, maana wanaendelea kuhutubia. Mama kauliza mlango wa hosteli unafungwa saa ngapi, mwombaji anamweleza chuo kilivyo na mazingira rafiki ya kujifunzia. Jibu lililotakiwa ni saa, na nani anakaa na ufunguo.

Sehemu ya tatu ni fupi: unatuuliza sisi. Ukisema huna swali hatukukatii jina kwa hilo, lakini tunajiuliza kama ungemuuliza mgeni chochote.

Ziara ya majaribio ni nini?

Waliopita usaili wanaitwa Jumamosi moja asubuhi kutembeza kundi dogo Mikindani, kila mmoja kwa zamu ya kama robo saa. Katika kundi tunachanganya wanafunzi na watu wazima wa jirani na chuo wanaokubali kutusaidia. Tunapanda daladala, tunaanzia ufukweni, tunapita kwenye vichochoro vya nyumba za mawe na milango ya nakshi, kisha tunapanda mpaka kwenye Boma la Wajerumani la mwaka 1895, ambalo baadaye lilikarabatiwa likawa hoteli.

Kuna mwaka tulikuwa na waombaji wawili waliofuatana. Wa kwanza alikuwa amejiandaa kupita kiasi. Alisimama katikati ya barabara, saa nne na nusu, jua la Kusini likiwa limeshachacha, akaanza: misafara ya kutoka upande wa Ziwa Nyasa, pembe za ndovu, watumwa, Wajerumani. Yote kweli, yote kwa mpangilio, na kichwani mwake nadhani aliona ukurasa. Hakumwona mzee mmoja wa kundi, mwenye goti bovu, aliyekuwa amejishikiza ukutani akibadilisha mguu kila baada ya muda.

Wa pili alipochukua zamu hakusema neno la historia kwanza. Alisema, "Shikamoo mzee, twende pale kwenye mwarobaini." Akatuvusha wote, akampatia mzee ngazi ya baraza baada ya kumwomba mwenye nyumba, "Hodi mama, tunaomba kivuli kidogo," akasubiri mpaka mzee akakaa. Ndipo akaanza. Aliyoyajua yalikuwa machache kuliko ya mwenzake, na alikosea jina la jengo moja. Mzee, akiwa amekaa, akaanza kusimulia yeye mwenyewe namna baba yake alivyokuja Mikindani kuuza chumvi, na kijana akamwachia nafasi. Robo saa ikawa nusu saa.

Tulimchukua wa pili. Wa kwanza tulimwita, tukamweleza tulichokiona, akaomba tena, na sasa ni mkongwe anayefundisha wapya. Siku hizi yeye ndiye wa kwanza kuuliza kivuli kiko wapi.

Mgeni akiuliza jambo baya la chuo, niseme nini?

Sema ukweli. Hili halina mjadala kikundini.

Kuna kipindi maji ya hosteli yalikuwa yanakatika, wasichana wanaamka saa kumi usiku kujaza ndoo. Mgeni akauliza, na mwenzetu mmoja akasema maji yapo muda wote. Binti alidahiliwa, akaja, akakuta ndoo. Alinitafuta kantini, hakunigombeza, alisema tu, "Kaka, mngeniambia ningekuja na ndoo mbili." Ningependa kila mwombaji asikie sentensi hiyo kama nilivyoisikia. Angekuja vilevile. Alichotaka ni kuandaliwa.

Kwa hiyo: maji yakikatika, sema yanakatika, na sema watu wanafanyaje. Bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, likichelewa, sema huwa linachelewa. Usiseme uvumi, usimseme mhadhiri kwa jina, na usiahidi kitu ambacho ofisi ya udahili ndiyo yenye kukitoa. Basi.

Nisome nini kabla ya usaili?

Hatutoi mtihani wa miaka. Hata hivyo, mambo haya wageni huuliza, na ni aibu yetu wote mwenyeji akiyakosa.

Wanauliza kwa nini mji wa Mtwara una barabara pana namna ile na nafasi kubwa kati ya mtaa na mtaa. Jibu linaanzia kwenye karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, Nachingwea ikiwa mojawapo ya sehemu zake pamoja na Kongwa na Urambo. Mtwara ilichaguliwa kwa kina cha asili cha bandari yake, mji ukapangwa, reli ikajengwa kwenda Nachingwea. Mradi ulivunjika 1951. Reli ikaja kung'olewa, bandari ikabaki, na sasa ndiyo inayopitisha korosho. Ukiwa na mzee wa Nachingwea kwenye kundi, muulize yeye kuhusu reli, usimweleze.

Wanauliza gesi. Iligunduliwa Ghuba ya Mnazi, upande wa Msimbati, mwaka 1982; umeme wa Mtwara ukaanza kuzalishwa kwa gesi hiyo katika miaka ya 2000, na bomba la kwenda Dar es Salaam likazinduliwa 2015. Eneo hilohilo la bahari lina hifadhi iliyotangazwa mwaka 2000, Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Mgeni akitaka kujadili siasa ya gesi, msikilize. Wewe eleza unachokijua na uishie hapo.

Wanauliza Kilwa, ingawa hatuwapeleki, ni mbali. Ujue walau kwamba magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yako mkoa wa Lindi na yamo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981, na kwamba Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji. Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 navyo vilianzia huku, kwenye milima ya Matumbi. Rais Mkapa alizaliwa Lupaso, Masasi, 1938. Haya ya mwisho hata mtoto wa shule ya msingi atakuuliza.

Na wanauliza habari za Livingstone, kila mara. Alifika Mikindani Machi 1866, akaanzia hapo safari yake ya mwisho, akielekea bara kupitia upande wa Mto Ruvuma. Alifariki 1873, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Ukimtaja, wataje Chuma na Susi, walioubeba mwili wake pamoja na wenzao mpaka pwani, Bagamoyo. Mimi siku hizi naanza na hao.

Nikikosea mbele ya wageni?

Sahihisha palepale. Muhula wangu wa kwanza niliwaambia wanafunzi wa sekondari kwamba Livingstone alifia Mikindani. Mwalimu wao alinivuta pembeni kwa adabu. Nilirudi kwenye kundi nikasema, "Nimewaambia kosa, andikeni hivi." Watoto wakafuta, wakaandika. Na pale usipojua kabisa, sema hujui, chukua namba ya mgeni, ulizia, mtumie jibu jioni. Sentensi kama "wazee wa hapa husimulia kwamba..." ni halali kabisa, maana kuna nyumba na miti ambayo habari zake ni za mdomoni. Usizigeuze kuwa tarehe.

Mnalipwa?

Hapana. Nauli ya Mikindani na maji ya kunywa vinatolewa. Ukimaliza unapewa barua ya utambulisho ya chuo, na imewasaidia wenzetu kadhaa kwenye mafunzo kwa vitendo.

Basi naweza kuanza kutembeza watalii mwenyewe, kwa malipo?

Hapana. Kuongoza watalii kwa malipo ni kazi yenye leseni, chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Ukiipenda kazi hii, soma, omba leseni, uifanye kwa haki. Mwanachama akikutwa anatoza wageni kwa jina la chuo tunamwondoa.

Itanichukulia muda gani?

Kwa kawaida ziara moja kwa wiki na kikao cha Jumatano jioni. Wiki za mitihani hakuna ziara. Julai na Agosti tunaomba wanaobaki Mtwara wajitolee zaidi. Anayerudi kwao hahesabiwi kosa.

Nivae nini?

Nguo safi ya heshima, isiyobana, na viatu unavyoweza kutembea navyo kwenye mchanga. Kofia ya jua inaruhusiwa. Mikindani tunapita kwenye milango ya watu, hivyo mabega na magoti yafunikwe.

Nina ulemavu. Niombe?

Omba, na utuambie unachohitaji ili ziara ya majaribio ipangwe ipasavyo. Mwenzetu anayetumia kiti cha magurudumu ndiye aliyetuchorea njia ya chuo isiyo na ngazi, na njia hiyo sasa ndiyo tunayoitumia kwa wageni wote wazee.

Nisipochaguliwa?

Utaambiwa kwa nini, ana kwa ana, na mmoja wa waliokusaili. Mimi niliambiwa kwamba nilizungumza muda wote bila kuwaangalia wasikilizaji usoni. Iliniuma wiki nzima. Nilianza kufanya zoezi sokoni, nikinunua nyanya polepole na kumwangalia muuzaji, kumuuliza kapakua za wapi leo. Unaruhusiwa kuomba tena mwaka unaofuata, na mpaka siku hiyo unaweza kuja kutembea na kundi lolote kama msikilizaji.

Barua zinapelekwa wapi, na majibu lini?

Kwa mshauri wa wanafunzi, ndani ya wiki mbili za kwanza baada ya usajili, kabla ya saa kumi jioni. Majina ya wanaoitwa kwenye usaili yanabandikwa ubao wa matangazo wa kantini, na kila mwombaji hupigiwa simu, aliyeitwa na asiyeitwa. Andika namba inayopatikana. Kama simu yako ni ya kuazima, andika pia jina la mwenye simu, tumwombe kwa adabu akuite.